Nyumba Isiyo na Mnunuzi

Gwantwa alisikia nyundo kabla hajaiona nyumba.

Hakushtuka. Tangu mgodi wa makaa usimame, nyundo ndiyo iliyokuwa sauti ya Kambini. Leo ilisikika kwa huyu, kesho kwa yule. Watu waling'oa bati, wakang'oa milango na fremu za madirisha, wakapakia kwenye lori na kwenda zao. Yeye alikuwa anatoka kwao Mbebe, kapu la ndizi kichwani, kitenge kimelowa umande mpaka magotini, na moyoni amebeba neno alilolisubiri mwaka mzima na zaidi. Baba yake, mzee Ambakisye, alikuwa ameridhia. Jumamosi angeshuka mwenyewe kuiona nyumba ya mkwe, kisha mipango ya harusi ianze.

Akakata kona ya zahanati, akasimama.

Aliyekuwa juu ya paa alikuwa Zabron. Na paa lenyewe lilikuwa la nyumba yao.

Upande mmoja ulikwisha kuvuliwa, bati zimeegeshwa ukutani. Zabron alikuwa amechuchumaa juu ya mbao za kenchi, shati limemganda mgongoni, anang'oa misumari kwa mkia wa nyundo. Alifanya taratibu, bati moja baada ya jingine, kama mtu anayemvua nguo mtoto aliyepitiwa na usingizi. Chini, kando ya Fuso lake, mfanyabiashara wa Tunduma aitwaye Watson alizipokea bati na kuzinyanyua juani kuona kama zina matundu.

"Zabron," Gwantwa aliita.

Nyundo ikanyamaza. Zabron aligeuka, akamtazama, kisha akatazama kapu, halafu akatazama mikono yake mwenyewe.

"Umerudi mapema, Mwalimu."

"Ningechelewa ningekuta nini?"

Watson ndiye aliyesogea, kofia mkononi, mtu mwenye adabu asiyependa kuwa katikati ya mambo ya watu.

"Samahani, mukwai," alisema, kwa lile neno la heshima la ng'ambo ya mpaka ambalo watu wa Tunduma hulichukua sokoni bila kujua. "Mimi sikujua kama kuna mwingine mwenye neno. Bwana Zabron aliniita mwenyewe."

"Umeinunua nyumba, kaka?"

"Nyumba hapana. Nyumba huku ataikaa nani? Mimi nanunua bati na milango. Tunduma bado wanajenga, ingawa na kwetu nako malori ya shaba yamepungua sana mwaka huu." Akavaa kofia yake. "Kuta mtabaki nazo."

Kuta mtabaki nazo. Gwantwa aliliteremsha kapu kichwani, akaliweka uani.

Miaka mitatu tu nyuma, mambo yalikuwa mengine kabisa. Mgodi ulipokuwa unaajiri, Kambini hapakuwa na chumba cha kupanga. Watu walilipia nyumba zisizopigwa lipu, wakalala na harufu ya udongo mbichi. Nyumba hii ikiwa bado haijafika hata kwenye linta, juu ya madirisha, mtu mmoja wa Vwawa alikuja na pesa mkononi akitaka kuinunua ilivyo. Zabron alicheka. "Hii si ya kuuza," alimwambia. "Hii ni ya kuolea."

Alikuwa fundi wa pampu, zile zilizokuwa zikinyonya maji kutoka chini ya mgodi. Wazazi wake ni Wasukuma waliohamia bonde la Momba na ng'ombe wao, na yeye peke yake ndiye aliyeacha fimbo ya machungani akasomea ufundi. Siku walipokutana, kwenye foleni ya bomba la maji, alimuuliza jina lake lina maana gani.

"Gwantwa? Ni wa Bwana."

"Bwana yupi?"

"Mungu."

"Ahaa," alisema Zabron kwa uso mkavu. "Basi nafasi bado ipo."

Gwantwa alicheka mpaka ndoo ikamwagika. Mwalimu mzima, mbele ya wazazi wa wanafunzi wake.

Mzee Ambakisye hakucheka. Posa ilipofika alisema sentensi moja tu na hakuongeza. "Sina ugomvi na kijana, ila watu wa ng'ombe wanahama, na mwanangu hataolewa na mtu anayehama. Anionyeshe nyumba." Ndipo Zabron alipoanza kufyatua matofali, kila zamu ya mchana ikiisha, akiwa na masizi ya makaa shingoni. Gwantwa akichota maji, akikanyaga udongo, akichagua upande gani dirisha la chumbani likae ili asubuhi jua liwaamshe.

Halafu bei ya makaa ikaanguka, wanunuzi wakapungua, mishahara ikachelewa. Mwishowe zikazimwa pampu. Siku zilipozimwa, Zabron alirudi nyumbani akakaa kizingitini, akasema maji yakishajaa mle chini hakuna atakayerudi kuyatoa. Tangu siku hiyo Gwantwa hakumsikia tena akicheka kwa sauti.

"Shuka tuongee," alimwambia sasa.

Walikwenda kuongelea chumbani, kwa sababu ndicho chumba kilichobaki na mlango. Jua la asubuhi lilikuwa limeingia lote humo ndani, likaonyesha alama za vidole vyao kwenye lipu, vya kwake vidogo chini, vya Zabron juu. Zabron aliegemea ukuta. Alikuwa amekonda. Gwantwa alitamani amfute vumbi lililomganda kwenye kope, lakini mkono ulikataa.

"Ulikuwa unataka nikute imekwisha," alisema.

"Nilikuwa nataka usiione ikivuliwa."

"Kuna tofauti?"

"Kwangu ipo."

"Ungeniambia, Zabron. Tangu lini unafanya jambo la nyumba hii peke yako?"

"Ningekuambia nini? Nimeitembeza mpaka Itumba, mpaka Vwawa. Nimewafuata watu waliokuwa wakinibembeleza. Mmoja aliniuliza kama nampa bure, maana hata bure atalazimika kuweka mlinzi." Alisema bila hasira, na hilo lilimuumiza Gwantwa zaidi. "Kazi nimetafuta. Nimekwenda mpakani, wanasema wao wenyewe wanapunguza watu. Kaka Bugalama ameniita bondeni, ng'ombe wanahitaji mtu. Siwezi kwenda mikono mitupu kama mtoto aliyetoroka."

"Na mimi?"

Nje Watson alikohoa, akajifanya anafunga kamba za turubai.

"Mimi, Zabron. Kwenye hizo bati nimo au simo?"

"Nilimwahidi baba yako nyumba," alisema hatimaye. "Sina nyumba. Nakurudishia neno lako, Gwantwa. Wewe una kazi, una kwenu. Usifungwe na mtu ambaye hajui mwezi ujao atalala wapi."

"Neno langu nilikupa mimi, halikutolewa na baba. Unalirudisha kwa nani?"

Zabron alimtazama. Yalikuwa macho yale yale yaliyomfanya amwage ndoo siku ya bomba, ila sasa yalikuwa yamechoka, yanaomba asiulizwe tena. Gwantwa aliona kwamba akisema lile alilolibeba kutoka Mbebe ama litamshika mtu huyu, ama litamvunja kabisa. Akalisema.

"Baba ameridhia. Anakuja Jumamosi kuiona nyumba."

Zabron alifumba macho. Jua lilimpiga usoni, na Gwantwa akadhani ameshinda.

"Mwambie asijisumbue," alisema, akatoka.

Bati zilizobaki zilishuka haraka. Mlango wa chumbani ulitoka wa mwisho. Watson alimuomba Zabron akae mbele, pembeni ya dereva, lakini yeye alipanda nyuma, juu ya bati zake, na begi moja la nguo. Fuso liliyumba likashika barabara ya mlimani. Gwantwa alisimama mahali palipokuwa na mlango, anangoja mkono upungwe. Zabron alimtazama mpaka kona, hakuacha hata mara moja, lakini mkono hakuunyanyua.

Kapu la ndizi lilibaki uani. Jioni aliwagawia watoto wa jirani, kisha akakumbuka kwamba majirani nao wanahama kesho.

Jumamosi mzee Ambakisye alikuja hivyo hivyo. Gwantwa alikuwa amepiga simu nyumbani kumzuia, ikasemekana amekwisha kuondoka. Alifika na koti lake la ibada, la jumuiya ya Moravian, na kuku wa zawadi mkononi. Alizunguka kuta kimya. Aliingia sebuleni, akatazama juu mawinguni, akavua kofia.

"Amekwenda wapi?"

"Bondeni, kwa kaka yake."

"Simu?"

"Haipatikani, baba."

Mzee aliketi juu ya tofali. Kuku alilia, akamtuliza kwa kiganja.

"Mgodi nilishauona, mwanangu," alisema. "Nikiwa kijana nilikwenda Zambia kwenye shaba. Tulikuwa wengi kutoka huku milimani. Shaba ilipoanguka tulifungiwa geti asubuhi, na mchana mwenye nyumba akatutoa. Nilirudi kwa miguu kutoka mpakani, na mama yako aliponiona njiani alinisalimia kama mgeni. Ndiyo maana nilisema nyumba. Nilitaka mtu asiyehama."

"Hakuhama, baba. Kazi ndiyo iliyohama."

"Matokeo ni yale yale. Umebaki peke yako ndani ya kuta."

Baba alimuomba arudi Mbebe, akae na mama yake, maisha mengine yatapatikana. Alisema kwa upole, wala hakumtaja mwanamume mwingine. Gwantwa akamkatalia kwa upole ule ule. Alimsindikiza mpaka kilima cha kwanza, kuku yumo bado mkononi mwa mzee, maana hapakuwa na mtu wa kumpa.

Zikaja wiki ambazo hazikuwa na umbo. Kambini palibaki kuta zinazotazamana. Mwenye duka la chumvi na sabuni alifunga, mama aliyekaanga maandazi akaenda kwa mwanawe Mbozi Mission, bomba likawa halina foleni. Gwantwa, aliyekuwa bado na chumba chake cha walimu shuleni, alichota maji peke yake, akayasikia yakigonga ndoo tupu, akagundua kwamba hajawahi kuisikia sauti hiyo, kwa sababu zamani palikuwa na kelele za watu. Kila jioni alipiga ile namba. Kila jioni sauti ya mwanamke asiyemjua ilimjibu kwamba mteja hapatikani, na kuna siku alimsikiliza mpaka mwisho kwa kuwa ndiye mtu pekee aliyemsemesha tangu asubuhi.

Darasani, madawati yalitoka kukaliwa na watatu watatu, yakafika mmoja mmoja, mengine yakawa matupu. Mwalimu mkuu, mama mmoja mnene aitwaye Nesta aliyependa kuwaambia walimu wake ukweli, alimwita ofisini.

"Wanafunzi hakuna, Gwantwa. Wilaya inawatawanya walimu. Mimi naweza kukusemea. Unataka Itumba? Vwawa ni wilaya nyingine, lakini nina mtu anayeweza kusaidia."

"Bonde la Momba kuna nafasi?"

Nesta alivua miwani.

"Bondeni kuna nafasi kila siku. Walimu wanapangiwa huko wanalia. Joto, mbu, maji ya shida, na mvua ikinyesha njia inakatika. Una nini kule?"

"Sijui kama nina kitu, mama."

"Basi usiende."

"Nikibaki ndiyo nitajua sina."

Nesta akavaa miwani, akaanza kuandika.

Gwantwa alipomuaga, baba yake hakumpa baraka wala hakumlaani. Alimshika mkono, akasema bondeni usiku asilale bila chandarua.

Gwantwa aliteremka bondeni mwanzoni mwa kiangazi, juu ya lori la mpunga lililokuwa likirudi tupu. Aliyezoea baridi ya milima ya kwao Ileje alihisi kama anaingia ndani ya jiko. Nchi ilikuwa tambarare, nyasi zimekauka, na mbali vumbi la ng'ombe lilisimama angani bila kwenda popote. Alifika kwa Bugalama siku ya pili, akiwa na jina hilo tu la kuulizia. Mwenyeji hakuwepo. Mkewe, Restuta, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, alimpa kigoda na maji, akamwacha anywe amalize.

"Karibu, mwalimu. Tumesikia umepangiwa shule yetu. Umeletwa na nani hapa kwangu?"

"Namtafuta Zabron, dada. Mimi naitwa Gwantwa."

Restuta aliyekuwa anapepeta mchele aliuweka ungo chini.

"Gwantwa wa Ileje?"

"Ndiyo."

"Lakini wewe si ulimkataa?"

Gwantwa alidhani hakusikia vizuri. "Nani kasema?"

"Yeye mwenyewe. Alipofika tulimuuliza mchumba yuko wapi, akasema, 'Amenikataa kwa sababu sina kazi.' Mume wangu alikasirika sana, akataka twende kwenu tukaulize. Yeye akasema hapana, mchumba ana haki. Tangu hapo hatukumuuliza tena. Yuko na ng'ombe upande wa ziwa, malisho ya huku yamekwisha. Anaweza kurudi mwezi huu, anaweza asirudi mpaka mvua."

Hapo ndipo Gwantwa alipolia. Hakulia siku ya bati, wala siku ya baba. Alilia juu ya kigoda cha mtu asiyemjua, katika nchi ambayo hata upepo wake hakuuzoea, kwa sababu alikuwa amesafiri njia yote ile kumfuata mwanamume ambaye kwa watu wake alikwisha kumfanya mwanamke asiye na moyo. Restuta alimwacha alie. Gwantwa alipotulia, akamuuliza:

"Nimtumie ujumbe kwamba upo?"

Gwantwa alijifuta kwa ncha ya kitenge.

"Mwambieni yule aliyemkataa amekuja kumuuliza alimkataa lini."

Restuta alimtazama, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

Alipewa chumba kimoja nyuma ya shule, cha udongo na nyasi. Watoto walimwamkia kwa Kisukuma asubuhi, wakamcheka alivyoitikia, wakamfundisha upya. Mchana alikuwa na kazi na aliweza. Jioni zilimshinda. Nchi ya tambarare haina mahali pa kuegemeza macho. Alizoea mlima mbele ya mlango, sasa alitoka nje akaona anga tu na mwanga unaofifia taratibu. Alipika chakula cha mtu mmoja na mara nyingi kikabaki. Simu haikuwa na mtandao, kwa hiyo hata ile sauti ya mwanamke asiyemjua hakuwa nayo. Restuta alikuja Jumapili na maziwa ya mgando, wakakaa, wakaongea habari za mchele na mbu. Hakumtaja Zabron, na Gwantwa alimshukuru, kisha alipoondoka alijuta kwamba hakumuuliza.

Alikwisha kuacha kutazama njia ya ziwa, siku alipokuwa akifundisha darasa la tatu kuandika na watoto wote wakageuza vichwa dirishani kwa pamoja.

Zabron alikuwa amesimama uwanjani. Alikuwa mweusi zaidi, amevaa shuka la wachungaji begani, vumbi mpaka kwenye nywele. Gwantwa alitoka akasimama hatua chache mbele yake. Chaki ilikuwa ingali mkononi.

"Nimeambiwa kuna swali," Zabron alisema.

"Lipo."

"Nimelifikiria njia nzima." Alimeza mate. "Sikutaka waseme nilikuacha."

"Lakini uliniacha."

Alitazama chini, kisha akamtazama usoni, na safari hii macho yake hayakuomba asiulizwe.

"Ndiyo," alisema. "Nilikuacha."

Upepo ulipita kati yao na vumbi lake. Gwantwa alikuwa ameyaandaa maneno mengi kwa siku hii, makali na matamu. Yote hayakuja. Alihisi tu jinsi alivyochoka, na jinsi alivyompenda, na kwamba hayo mawili hayakupunguzana.

"Sina nyumba ya kukuonyesha, Gwantwa. Nina ng'ombe wachache wa kaka yangu."

"Nimekuuliza nyumba?"

"Hapana."

"Basi usinijibu ya baba yangu. Nina kipindi. Nikimaliza, kama una la kusema kwangu mimi, utalisema."

"Nisubiri wapi?"

"Mwenyewe utaona."

Aliingia darasani, akasimama bila kuutazama uwanja. Aliandika ubaoni, akafuta, akaandika tena. Mtoto mmoja alinong'ona, akamnyamazisha. Kila herufi aliyoichora ilimgharimu, kwa sababu dirisha lilikuwa kushoto kwake na hakutaka kuligeukia. Alijiambia kwamba akikuta uwanja mtupu atapika ugali wake, atalala, kesho atafundisha kuhesabu. Alijiambia hivyo mara nyingi. Kengele ilipogongwa aliwaacha watoto watoke mbio, akabaki anakusanya madaftari yao polepole, moja juu ya jingine, mpaka hapakuwa na la kukusanya.

Kisha akatoka.

Jua lilikuwa limegeuka. Mahali alipomwacha amesimama palikuwa patupu, pana joto kali. Halafu akamwona. Alikuwa amekaa chini upande wa pili wa jengo, shuka limetandikwa, akisogea taratibu kufuata kivuli cha ukuta kila kilipomkimbia. Bado alikuwepo.